Nani Alisema Mkimbizi Avae Bila Pambo?

Kuna sentensi moja nimeisikia hapa Nakivale mpaka imenikaa kichwani: "Kwanza mahitaji, mapambo baadaye." Walimu wa mafunzo ya ufundi wanaisema. Maofisa wanaokuja na fomu zao wanaisema. Pasta wetu anaisema juu ya mimbari, na majirani nao wanaisema wakipita mbele ya baraza langu na kunikuta nimeinamia koti la ngozi, nyundo mkononi. Kwa mdomo nimeshaijibu mara nyingi na haikusaidia. Leo naijibu kwa maandishi.

Mimi ni fundi wa ngozi. Nimetoka Kivu ya Kusini, na kazi naifanyia hapa Base Camp, chini ya turubai. Nanunua makoti ya ngozi ya mitumba, yale yaliyochoka kidogo, nayasafisha, nayashona pale yalipoachia, halafu nayatia ringi na kamba. Kwa wasiojua, ringi ni zile pete ndogo za chuma zinazozunguka tundu la kamba, kama kwenye viatu vya jeshi. Unazipanga safu mbili ubavuni mwa koti, au kwenye mkono, au mgongoni, halafu unapitisha kamba ya ngozi ikikatiza kwa misalaba. Koti lililokuwa la mzee wa Ulaya asiyejulikana linageuka koti la mtu wa hapa. Vijana wanakuja kujifunza, wasichana kwa wavulana, na wengi wao hawajawahi kushika kisu cha ngozi.

Ninachodai ni hiki: kijana anayeanza ufundi wa ngozi kambini aanze na pambo. Aanze na ringi na kamba kabla ya begi, kabla ya sandali, kabla ya kukalia cherehani. Najua jambo hili linachukiza watu wenye mipango. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mchukie mkiwa mmesikia.

Tuanze na hayo "mahitaji". Mafunzo yenyewe mnayajua. Shirika linakuja, jina nalihifadhi maana si moja tu. Vijana thelathini wanaandikwa. Miezi mitatu wanafundishwa kukata sandali ile ile, kwa karatasi ile ile ya kipimo, mkanda ule ule wa juu. Siku ya kufunga kunakuwa na viti vya plastiki, hotuba, cheti chenye nembo nne chini, na picha. Kila watu watano wanapewa cherehani moja. Mwezi haujaisha, cherehani iko nyumbani kwa mmoja, na wale wengine wanne hawasalimiani naye tena. Nani hajaona hilo?

Na sandali je? Nenda sokoni uangalie. Kuna sandali za plastiki zinazokuja kwa magunia, bei yake hata gundi ya yule kijana hainunui. Kuna zile za tairi, ambazo mzee mmoja anazitengeneza kwa mikono yake na zinadumu kuliko ndoa. Katikati ya hizo mbili unamweka kijana wa miezi mitatu na sandali thelathini zinazofanana, unamwambia: shindana. Atashindana na nini? Hana bei, hana jina. Amefundishwa kutengeneza kitu ambacho mnunuzi tayari anacho, kwa ubora wa chini na bei ya juu. Halafu mwaka ukiisha anakuja mtu wa tathmini na kuandika kwamba "walengwa hawakuonyesha moyo wa biashara." Moyo walikuwa nao. Walikosa kitu cha kumfanya mteja asimame.

Pambo linamsimamisha mteja. Sijasoma hilo kwenye kitabu, nimelihesabu mfukoni. Koti nililolinunua shilingi elfu ishirini, likisafishwa tu na kutundikwa, watu wanalipitia. Nikilitia safu mbili za ringi na kamba ubavuni, kwa mchana mmoja wa kazi na vifaa vya shilingi elfu chache, linauzwa elfu arobaini na tano, na aliyelinunua anamleta rafiki yake. Ngozi ni ile ile na zipu ni ile ile. Kilichoongezeka ni mkono wa mtu juu yake.

"Sawa, lakini mwanafunzi aanze na mambo rahisi, pambo ni la mafundi waliobobea." Hii ndiyo hoja yao ya pili, na inasikika kama ya mtu mwenye busara mpaka uangalie kazi yenyewe. Ili kutengeneza sandali nzuri unahitaji kalibu za mguu, gundi kali, soli, mashine ya kusaga kingo au saa nyingi za msasa. Ili kutengeneza begi unahitaji cherehani nzito inayopita ngozi mbili, na hiyo haipatikani kwa kila baraza. Ili kutia ringi unahitaji vitu hivi: chuma cha kutobolea chenye mdomo wa duara, chuma cha kugongea na kitako chake, nyundo, gogo la mti, rula, kisu, na ringi zenyewe. Umeme hauhitajiki. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa unga. Kama kesho tutaambiwa tuhame, na sisi tunajua maana ya kuambiwa tuhame, fundi anaubeba begani na kazi yake imehama naye. Cherehani ya watu watano utaibebaje?

Na wale wanaosema hii siyo kazi ya mwanafunzi, mimi nawaambia hakuna mwalimu mkali kama tundu. Kitambaa kina huruma. Ukikosea mshono wa kitambaa, unafumua, unapiga pasi, alama inapotea. Ngozi haisamehi. Tundu ulilolitoboa leo litakuwepo mpaka koti lioze. Hata pini ndogo inaacha alama yake milele, ndiyo maana kwangu hakuna pini, tunashikilia kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kijana akijua kwamba kila pigo la nyundo ni la mwisho, anaanza kupima. Namwona anapima mara tatu, anaweka alama upande wa ndani kwa kalamu, anarudi nyuma hatua mbili kuangalia, anapima tena. Hakuna hotuba ya "nidhamu ya kazi" iliyowahi kumfanyia hivyo.

Nieleze kazi kwa utaratibu, maana wanaoidharau wengi wao hawajui kuna nini ndani yake.

Kwanza unatambua ngozi. Nusu ya makoti yanayoitwa ya ngozi sokoni ni plastiki iliyobandikwa kwenye kitambaa. Kata kauzi kadogo ndani ya pindo, kachome kwa kiberiti. Ngozi inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki jivu linalovunjika. Plastiki inayeyuka, inakunjamana na kunuka plastiki. Koti la plastiki usilitie ringi hata kidogo: tabaka la juu litabanduka kuzunguka kila tundu, na kamba ikivutwa kitambaa kitachanika. Mteja atarudi, na atarudi na hasira.

Pili, unatambua ringi. Hapa leteni sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ringi za shaba nyeupe au nyekundu hazishikwi na sumaku. Zinazoshikwa ni za bati lililopakwa rangi ya dhahabu au fedha. Hizo zitapata kutu mvua za kwanza, na kutu inaingia kwenye ngozi kama chai kwenye shati, haitoki. Na usinunue ringi ya kipande kimoja kwa koti laini. Nunua ile ya vipande viwili: kimoja chenye shingo, kingine pete bapa ya kukaa nyuma. Ile ya kipande kimoja inashika kwa meno yake tu, na ngozi laini ya kondoo ikivutwa kidogo inajichomoa.

Tatu, unaipa ngozi nguvu. Ngozi ya koti ni nyembamba, mara nyingi haifiki hata milimita moja na nusu. Ukitoboa hivyo hivyo, matundu yatavutika na kuwa marefu kama macho ya mbuzi. Kwa hiyo unakata ukanda wa ngozi nyingine, upana wa sentimita tatu, unaubandika nyuma ya mstari kabla hujagusa nyundo. Ukanda huo hauonekani na mtu, lakini ndio unaobeba mzigo wote.

Nne, vipimo. Tundu likae sentimita moja na nusu kutoka kwenye ukingo, isipungue moja. Kutoka tundu hadi tundu, tatu zinatosha, na zote ziwe sawa, maana jicho la mteja linaona kosa la milimita mbili hata kama yeye mwenyewe hajui anaona nini. Tengeneza kipimo cha karatasi ngumu chenye matundu, ukitumie pande zote mbili. Ukipima kila upande peke yake, misalaba ya kamba itakuwa inalala kama mlevi.

Tano, unatoboa. Tundu liwe duara, na liwe saizi ya shingo ya ringi, ipite kwa kusukumwa kidogo. Wapo wanaotumia msumari au msharasi wa fundi viatu. Msharasi unasukuma nyuzi za ngozi pembeni bila kutoa kitu, na ngozi itataka kujirudi. Wapo wanaokata msalaba kwa wembe, na huko ndiko kuua koti: kila ncha ya mkato ni mwanzo wa kuchanika. Duara halina ncha, mvuto unalizunguka lote. Tobolea juu ya gogo, kwenye uso ule unaoonyesha miduara ya umri wa mti, usitobolee juu ya jiwe wala bati, utaua mdomo wa chuma chako siku moja.

Sita, unagonga. Shingo ipite ngozi na ukanda wake, ibaki imechomoza milimita mbili au tatu. Ikiwa fupi haitakunjika, ikiwa ndefu itapasuka vipande kama ganda la karanga, na makali yake yatakula kamba kidogo kidogo mpaka ikatike. Gonga mara tatu nne za wastani, ukizungusha chuma kati ya pigo na pigo. Pigo moja la hasira linapinda ringi na halirekebishiki. Halafu pitisha kidole. Kidole kikikwaruzwa, na kamba itakwaruzwa.

Saba, kamba. Hapa ndipo mtu wa mipango angeshangaa. Safu mbili zilizoachana sentimita sita, matundu manane kila upande, ni mstari wa sentimita 21 tu. Lakini kila kamba inayokatiza ni karibu sentimita saba, na zinakatiza mara kumi na nne. Ongeza ile ya chini, ongeza ncha za kufungia sentimita thelathini kila upande, unapata mita moja na sentimita sitini. Kijana aliyesema hesabu za shule hazina kazi amezikuta hapa, na safari hii akikosea analipa kamba.

Kamba hiyo usiinunue. Chukua kipande cha ngozi cha kutupwa, kata duara la sentimita kumi, halafu kata kuanzia ukingoni ukizunguka kwenda katikati, upana wa milimita nne, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Utatoa zaidi ya mita moja na nusu kutoka kwenye kipande kinachoenea kiganjani. Ilowanishe, ivute, itundike na kijiwe mpaka ikauke. Ikikauka imenyooka, na haitaendelea kurefuka ikiwa kwenye koti.

Hayo yote ni ya mwanafunzi anayeanza. Amejifunza kutambua malighafi, kupima, kuimarisha, kuhesabu, kutumia mabaki, kukagua kazi yake mwenyewe kwa kidole. Niambieni, ni kitu gani cha "mahitaji" kilichokosekana hapo? Akienda kwenye begi kesho, mkono wake tayari una akili. Na mwisho wa wiki ya kwanza ana kitu cha kuuza, jambo ambalo mafunzo ya miezi mitatu hayajawahi kumpa.

Sasa niende kwenye lile neno lenyewe: anasa. Eti pambo ni anasa kwa mkimbizi.

Sisi tuliotoka Kongo tunajua historia ya nguo kuliko wanavyodhani. Miaka ya 1970 Mobutu aliwakataza wanaume suti na tai, akawapa abacost, na jina lenyewe lilimaanisha "chini suti". Kwa nini dikteta mwenye jeshi na redio ajishughulishe na kola ya mtu? Kwa sababu alijua mtu anavyojivika ndivyo anavyojiona. Na jibu lilitoka kwa vijana wa Brazzaville na Kinshasa, wale wa La Sape, waliokuwa wakivaa kama mabwana wakati mfukoni hamna kitu. Papa Wemba aliwaimbia na kuwavalia mpaka dunia ikawajua, na alipoanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016, hata wasiopenda muziki wake walizungumza kuhusu nguo zake. Mnaweza kuwacheka wasapeli kwa kununua viatu badala ya kiwanja. Mimi pia nina maneno yangu na mtu anayekopa ili avae. Lakini fundi wangu hakopi wala hanunui jina la Paris. Anachukua koti lililotupwa na Ulaya na kuliandikia jina lake.

Na kama mtu anadhani kamba kwenye matundu ya ngozi ni upuuzi wa juzi, ajue kwamba mwaka 2008 watafiti walichimbua kiatu cha ngozi ya ng'ombe katika pango la Areni, nchini Armenia. Kina umri wa miaka kama 5,500. Kimekatwa kwenye kipande kimoja cha ngozi, kina matundu, na kamba ya ngozi imepita humo. Ni cha zamani kuliko piramidi za Giza. Kabla ya wafalme wale kujijengea makaburi, kulikuwa na mtu ameinama, anatoboa ngozi, anapima ili matundu yalingane.

Pasta wetu ana hoja yake, na namheshimu, ni mzee wangu. Anasema kamba na vyuma kwenye nguo ni mambo ya wahuni, na kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mzee wangu, methali hiyo ni ya kweli, ila haihukumu kila kinachopendeza. Wahenga hao hao walisema chanda chema huvikwa pete. Na nakumbusha tu kwamba kwaya yetu ilipotaka sare mpya za Pasaka, haikuomba magunia. Iliomba utepe wa dhahabu shingoni, na hakuna aliyeuliza kama utepe ni mahitaji. Kwa nini utepe wa kwaya ni utukufu, na ringi ya kijana ni uhuni?

Wapo pia majirani, na hao ndio wananichoma zaidi. "Weye, hizi matundu ni za nini? Nguo za hapa zinatoboka zenyewe, weye unaongeza?" Watu wanacheka, nami nacheka. Lakini sikilizeni vizuri kilicho ndani ya huo mzaha. Tundu ambalo halikuchaguliwa na mtu, la panya, la msumari wa lori, la miaka, hilo tumelizoea na hatuliulizi swali. Tundu ambalo mtu amekaa akalipima na kulizungushia shaba, hilo ndilo linatushtua. Tumezoea mno kuvaa yaliyotupata.

Sitaki mdhani lawama zote naziacha kwa mashirika na kwa pasta. Wapo mafundi wenzangu wanaoiharibia kazi hii jina. Wanatia ringi za bati kwa makusudi, wakijua. Wanatoboa kwa msumari wa moto. Wanaruka ule ukanda wa nyuma kwa sababu hauonekani. Kijana wa boda boda anatoa pesa yake ya wiki mbili, mwezi haujaisha koti limeota kutu na limechanika ubavuni, na kuanzia hapo kila fundi mkimbizi ni mwizi. Nyinyi ndio mnaowapa silaha wale wanaosema tusifundishwe pambo. Fundi anayeruka kisichoonekana hafai kufundisha mtu.

Nije kwenye hoja nzito, maana ipo, na kuikwepa ni woga. Watu wana njaa. Tangu 2023 mgao uligawanywa kwa makundi: wanaohesabiwa dhaifu zaidi wanapata sehemu, wanaofuata wanapata pungufu, na wanaohesabiwa kwamba wanajiweza hawapati kitu. Mama mwenye watoto watano anaponiuliza, "Fundi, watoto watakula hizo kamba?", siwezi kumjibu kwa kiatu cha Armenia.

Namjibu hivi. Mama, binti yako amewekwa kwenye kundi la wanaojiweza. Hakuna aliyemuuliza anajiweza kwa nini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa ruhusa ya kufanya kazi, na hilo ni jema, wenzetu katika nchi nyingine za jirani wanalilia ruhusa hiyo. Lakini ruhusa haina mtaji ndani yake. Akitengeneza kitu cha watu wenye njaa kama yeye, atauza kwa watu wasio na pesa. Lazima atengeneze kitu kitakachoivuta pesa iliyo nje ya uzio wetu: dereva anayeshuka kutoka Mbarara, boda boda anayetoka alfajiri kwenye baridi ya milima ya Isingiro na anataka koti linalozuia upepo na kumtambulisha, mwanamuziki wa harusi, mfanyabiashara anayenunua kwa ajili ya duka la Kampala. Hao wote wana koti tayari. Wanatafuta lile ambalo mwenzake hana.

Nakubali, kazi hii haitawalisha wote. Makoti ya ngozi yana msimu na wateja wana idadi. Kama kesho vijana mia tatu watatia ringi, bei itaanguka kama ya sandali. Ndiyo maana sisemi tufute sandali tuweke ringi na kuanza ujinga upya. Nasema mwanafunzi ajifunze kuweka kitu chake juu ya kitu, na ringi ni mlango wa bei nafuu wa kujifunzia hilo. Atakayetoka hapo atapeleka mkono wake kwenye mkanda, kwenye pochi, kwenye tandiko la pikipiki, kwenye viatu. Na huyo hatafanana na mwenzake.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayodai, na nayaandika wazi ili asije mtu kusema sikueleweka.

Pesa ya cherehani moja ya watu watano igawanywe iwe mifuko ya vifaa, kila mmoja na wake. Ugomvi wa cherehani utaisha siku hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza ya mafunzo iishe na kitu cha kuuza, na kiwe na alama aliyoichagua mwanafunzi mwenyewe. Karatasi moja ya kipimo kwa watu thelathini ichomwe.

Mafundi walioko humu kambini wafundishe, na walipwe kama walimu. Msitulipe "posho ya kujitolea" huku anayetoka mjini na kitabu analipwa mshahara.

Na tathmini ihesabu vilivyouzwa, na waliorudi kununua tena. Vyeti vinajaza kabati, havijazi sufuria.

Mwisho kwa wewe kijana unayesoma hili, hasa msichana uliyeambiwa ngozi ni kazi ya wanaume na pambo ni kazi ya wenye pesa. Usingoje mradi. Tafuta koti lililochakaa, hata la baba yako, ujaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki mpaka mapigo kumi yafuatane bila kasoro, ndipo uguse koti. Anza na matundu manne kwenye mkono, mawili kwa mawili. Vaa ulichofanya, pita nacho sokoni siku ya watu wengi, uone nani atakuuliza umekipata wapi.

Na anayenipinga aje barazani, mlango hakuna, ni turubai tu. Alete na koti lake.